Wapenzi wa bia huweka chupa ngapi nyumbani, na kwa nini?

WATU wengi wanaposikia kwamba fulani ana chupa 300 za bia nyumbani kwake, dhana ya kwanza inayowajia ni kwamba huyo ni mlevi wa kupindukia. Ukweli wa mambo aghalabu huwa kinyume. Mlevi hawezi kuwa na akiba ya chupa 300 kwa sababu hazingemaliza mwezi. Mwenye kuziweka ni mtu wa aina nyingine kabisa: anaipenda bia jinsi wengine wanavyopenda stempu au vitabu, na chupa nyingine huweza kukaa nyumbani mwake miaka kumi bila ya kuguswa.

Huko Ulaya na Marekani, ambako upenzi wa namna hii umekita mizizi, swali la kiasi kinachofaa kuwekwa nyumbani ni la kawaida katika mazungumzo. Wapo wanaotosheka na chupa sita kwenye friji. Wapo wenye kreti mbili tatu zilizopangwa chini ya ngazi. Tena wapo wenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye rafu za mamia ya chupa, kila moja ikiwa imeandikwa mwaka wake.

Tofauti hiyo haitokani na kiu. Inatokana zaidi na aina ya bia anayoipenda mtu, urahisi wa kuipata, na joto la mahali anapoishi. Asiyezingatia hayo hujikuta amejaza nyumba bia iliyokwisha kuharibika, na fedha zake zimekwenda na maji.

Bia si divai

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi apaswa kulifahamu ni kwamba bia nyingi sana duniani hazikutengenezwa ili ziwekwe. Laga ya kawaida yenye alkoholi ya asilimia nne au tano, mathalan Tusker yenye asilimia 4.2, huwa katika ubora wake siku inapotoka kiwandani. Kuanzia hapo ni kuteremka tu, ama polepole ama kwa kasi.

Maadui wake ni hewa, joto na mwanga. Hata mtambo uwe wa kisasa namna gani, chembe chache za oksijeni hubaki chupani wakati wa kufunga kizibo. Oksijeni hiyo huila bia kidogo kidogo hadi ikapata ladha inayofanana na karatasi iliyoloa. Baadhi ya watu hudhani kwamba kwa kuwa bia ya kiwandani hupashwa moto ili kuua vijidudu, basi haiwezi kuharibika. La hasha. Kuua vijidudu ni jambo moja, na kuizuia oksijeni kufanya kazi yake ni jambo jingine.

Mwanga nao huharibu upesi zaidi. Miale ya jua inapoyapata machungu yatokanayo na maua ya hopsi, huzalisha kemikali yenye uvundo unaomkumbusha mtu mnyama kicheche. Ndiyo maana viwanda vingi hupendelea chupa za kahawia, ambazo huuzuia mwanga huo vyema kuliko za kijani au zisizo na rangi. Chupa ya kijani iliyowekwa dirishani mwa duka kwa siku nzima haifai kununuliwa, hata iwe ya kampuni gani.

Kuhusu joto, wafanyabiashara wa bia nchini Marekani wana kanuni yao ya kukumbukwa kwa urahisi: bia huchakaa kwa siku 3 ikiwa katika nyuzijoto 32 za Selsiasi, kwa siku 30 ikiwa katika nyuzijoto 22, na kwa siku 300 ikiwa katika nyuzijoto 3. Bila shaka kanuni hiyo ni ya makadirio, wala haina maana kwamba siku ya nne mtu atakunywa sumu. Bia iliyochakaa haidhuru mwili kuliko iliyo mpya. Inachopoteza ni ladha.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina uzito kwa msomaji wa Kenya. Mkazi wa Limuru au Nyahururu aweza kuliacha kreti lake kabatini kwa majuma kadhaa bila ya hasara kubwa. Mkazi wa Mombasa au Lodwar, ambako joto la chumbani hukaribia nyuzijoto 30 kwa miezi mingi ya mwaka, hana anasa hiyo. Huyo atanunua atakachokinywa wiki hiyo, au atenge nafasi katika friji pamoja na maziwa, sukuma wiki na nyama ya Jumapili. Kisha aombe umeme usipotee.

Kuna imani iliyoenea kwamba bia iliyokuwa baridi ikipata joto na kurudishwa katika baridi huharibika kwa sababu ya mabadiliko hayo. Si kweli. Kinachohesabika ni jumla ya muda iliokaa katika joto. Mtu aliyesafiri na chupa zake kutoka Nairobi hadi Kisumu na kuzirudisha frijini jioni hiyo hana la kuhofia, mradi tu hakuziacha ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Hesabu ya kiasi

Kutokana na hayo, mpenzi makini wa bia hupiga hesabu rahisi kabla ya kununua. Hujiuliza kwamba bia hii itabaki nzuri kwa muda gani mahali nitakapoiweka, na mimi hunywa chupa ngapi kwa wiki. Tuseme ananuia kuimaliza bia yake katika miezi mitatu, naye hunywa chupa mbili kila wiki. Miezi mitatu ni wiki 13, hivyo chupa 26 zamtosha, yaani takriban kreti moja ya chupa 25. Kila anachokiongeza juu ya hapo atakinywa kikiwa kimepungua ubora.

Hesabu hii huwa chungu kwa wale waliokwisha kujaza nyumba. Mwenye chupa 500 anayefungua moja kila Jumamosi anahitaji zaidi ya miaka tisa na nusu kuzimaliza, endapo hataongeza hata moja. Lakini ataongeza, na hapo ndipo penye tatizo. Wakusanyaji wengi hununua kwa kasi ya vijana na kunywa kwa kasi ya wazee, na mwishowe huwa watunza ghala badala ya wanywaji.

Zipo bia ambazo hesabu hii huzibana zaidi. Bia za aina ya IPA, zenye maua mengi ya hopsi, hupoteza harufu yake nzuri kwa majuma machache tu. Kiwanda cha Russian River cha California, kinachotengeneza bia maarufu ya Pliny the Elder, huwaonya wanunuzi kupitia lebo ya chupa kwamba waiweke baridi na kuinywa ingali mpya, wasiitunze kwa ajili ya siku nyingine. Bia hiyo ina asilimia 8 ya alkoholi. Nguvu peke yake, basi, haiifanyi bia kustahimili miaka.

Zinazozeeka vyema

Pamoja na hayo yote, ziko bia chache ambazo hubadilika kwa manufaa zinapowekwa, na ni hizo hasa zinazojaza vyumba vya wapenzi wa kweli. Kwa kawaida ni nyeusi au nyekundu ya kukoza, zina kimea kingi, alkoholi yake ni ya asilimia 8 au zaidi, na mara nyingi huwa na hamira hai ndani ya chupa. Hamira hiyo huendelea kula sukari iliyosalia pamoja na sehemu ya oksijeni. Ukali hupungua, uchungu wa hopsi hulainika, na mahali pake hujitokeza ladha za zabibu kavu, asali nguru na ngozi.

Waingereza waliijua siri hii zamani. Katika majumba ya mabwanyenye wa karne ya 18 na 19, ilikuwa desturi kupika bia kali mno mtoto mrithi anapozaliwa, ikafungiwa katika mapipa na kusubiri hadi siku atakapotimiza miaka 21. Bia hiyo ilikuwa na umri sawa na kijana mwenyewe.

Mfano wa karibuni zaidi ni Thomas Hardy's Ale. Kampuni ya Eldridge Pope ya mjini Dorchester iliitoa mwaka wa 1968, miaka 40 baada ya kifo cha mwandishi Thomas Hardy, na lebo yake ikadai kwamba yaweza kudumu miaka 25. Kila toleo lilikuwa na mwaka wake. Eldridge Pope walipika toleo lao la mwisho mwaka wa 1999, nayo bia hiyo baadaye ikahamia mikono mingine. Waliokuwa na akiba wakajikuta na kitu ambacho hakingepatikana tena kwa fedha za kawaida.

Kiwanda cha Fuller's cha London nacho kimekuwa kikitoa Vintage Ale yake kila mwaka tangu 1997. Mpenzi anayetaka kuifaidi hununua chupa kadhaa za kila toleo. Baada ya miaka mitano hukaa na marafiki wakafungua ya kila mwaka, moja baada ya nyingine, kwa glasi ndogo, wakilinganisha. Hapa ndipo linapopatikana jibu la kwa nini mtu aweke chupa nne za bia ile ile: moja ya kunywa sasa, moja ya mwaka ujao, moja ya miaka mitano, na moja ya akiba endapo mojawapo itatoka mbovu.

Wabelgiji wamekwenda mbali zaidi. Watawa wa abasia ya Orval huitia bia yao, wakati wa kuijaza chupani, hamira ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo hufanya kazi taratibu kwa miezi mingi. Orval ya mwezi mmoja ina harufu ya maua ya hopsi. Ikitimiza mwaka huwa kavu zaidi na kuwa na harufu inayokaribia ile ya zizi la farasi, na wapo wanaoipenda hivyo hivyo. Hoteli ndogo iliyo karibu na abasia hiyo huwauzia wageni zote mbili, changa na kongwe, ili kila mmoja achague.

Kwa upande wake, gueuze ya Brussels, bia chachu inayochanganywa kutokana na mapipa ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, huweza kukaa miaka 20 ikiwa mahali pafaapo. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka wa 1900, kimejipatia sifa kwa bia hizo. Chupa zake hufungwa kwa kizibo cha gome na hulazwa ubavu ghalani, ilhali bia nyingine yafaa zisimame wima ili mashapo yatulie chini.

Uhaba na umbali

Sababu ya pili ya kuweka nyingi ni hofu ya kukosa. Katika abasia ya Mtakatifu Sixtus huko Westvleteren, nchini Ubelgiji, watawa hupika bia ya kutosha kuendesha maisha yao tu, wala hawana haja ya kuzidisha. Bia yao iitwayo Westvleteren 12, yenye asilimia 10.2 ya alkoholi, ilipotajwa na wapenzi mwaka wa 2005 kuwa bora duniani, magari yalipanga foleni hadi akiba yao ikaisha.

Watawa hawakuongeza kiwanda. Badala yake waliwataka wanunuzi wapige simu mapema na kutaja nambari ya usajili wa gari, wachukue idadi maalumu ya kreti, na wasiuze tena. Tangu 2019 maagizo hufanywa kupitia intaneti. Mtu aliyebahatika kupata kreti la chupa 24 kwa masharti kama hayo hawezi kulimaliza wikendi moja. Atalihifadhi, na pengine atabadilishana chupa chache na rafiki aliyesafiri kwingine. Naam, hata ubadilishanaji huo ni sababu ya kuweka akiba, kwani asiye na kitu hana cha kutoa.

Hofu hii ina ubaya wake. Huwafanya watu wanunue kwa pupa kisha waogope kufungua. Chupa husubiri harusi, mahafali, kupandishwa cheo, na siku hiyo inapowadia huonekana haitoshi kwa chupa yenyewe. Bia kongwe ikipita kilele chake haitoi ishara kwa nje. Mwenyewe hufungua siku moja, akakuta kioevu kisicho na povu chenye ladha ya mchuzi wa soya, na hakuna wa kumlaumu.

Ghala la Wajerumani, chungu cha Waafrika

Ni vyema kukumbuka kwamba kuhifadhi bia kulianza kama lazima, si starehe. Neno 'lager', lililo kwenye lebo za bia nyingi za Kenya, limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Mwaka wa 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku upishi wa bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika kwa joto. Wapishi wakalazimika kupika nyingi mwezi Machi na kuiweka katika mahandaki yenye baridi hadi msimu mpya.

Katika Afrika Mashariki, pasipokuwa na majira ya barafu, mambo yalikwenda kinyume. Busaa ya magharibi mwa Kenya hupikwa kwa sababu ya tukio: mavuno, mazishi, kutawazwa kwa mzee. Wazee hukizunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu, na kinachopikwa huishia hapo, kwa maana baada ya siku chache huwa kimechacha. Mnazi wa Pwani hauna hata siku hizo. Mgema huugema asubuhi na jioni. Ukiwa mpya huitwa tembo tamu, na kesho yake tayari unaelekea kuwa siki. Katika utamaduni kama huo, mtu kuweka pombe ya mwaka mzima nyumbani lingekuwa jambo lisiloeleweka, pengine la kutiliwa shaka.

Labda ndiyo sababu Mkenya wa kawaida, hata awe mpenzi mkubwa wa bia, huweka chache nyumbani. Bia kwake ni baa, marafiki na nyama choma. Isitoshe, chupa za bia nchini hurejeshwa kiwandani, na asiye na chupa tupu hulipa amana ya chupa pamoja na kreti, jambo linalomfanya afikirie mara mbili kabla ya kujaza stoo. Kreti huonekana nyumbani kunapokuwa na wageni: Krismasi, ruracio, au wakwe wanapotarajiwa. Hiyo ni akiba ya ukarimu, na hesabu yake ni ya idadi ya wageni, si ya ladha.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 iligusa desturi hiyo kidogo ilipoagiza baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Lakini kilichowahamisha wanywaji hadi sebuleni ni janga la Covid-19. Baa zilifungwa Machi 2020, kafyu ikaanza mwezi huo huo, na milango haikufunguliwa tena hadi mwishoni mwa Septemba. Watu ambao hawakuwahi kuwa na bia frijini wakajifunza kununua ya wiki nzima.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku uuzaji wote wa vileo kuanzia Machi 27 hadi Juni 1, 2020, kisha tena kuanzia Julai 12. Waliokuwa na akiba walihesabu chupa zao kama watu walio safarini jangwani. Wasiokuwa nayo walichachua mananasi jikoni, hata bei ya tunda hilo ikapanda.

Mazoea hayo ya sebuleni yalikuwa na gharama ambayo mpenzi wa ladha aghalabu haitaji. Baa hufungwa usiku, friji haifungwi. Mtu ambaye akiba yake hupungua upesi kuliko alivyokadiria, akawa anaijaza tena kabla ya mwisho wa wiki, hajawa mkusanyaji, na chupa mbili kwake ni nyingi mno kuweka. Kadhalika nyumba yenye watoto inahitaji kabati lenye kufuli, si rafu ya wazi ukumbini.

Kwa anayetaka kuanza, hana haja ya handaki. Kabati la ndani lisilopakana na jiko wala ukuta unaopigwa na jua la alasiri latosha kwa chupa kumi na mbili za bia kali. Joto lisilobadilikabadilika, la kati ya nyuzijoto 10 na 15, ndilo bora, na maeneo ya miinuko ya Kenya huukaribia wastani huo kuliko Pwani. Chupa zisiwekwe kwenye friza, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kuzipasua. Bia nyepesi zikae frijini, za zamani mbele na mpya nyuma. Zile za kuzeeka ziandikwe tarehe ya kununuliwa juu ya kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na mwaka wa kufunguliwa, na mwaka huo ukifika zifunguliwe, hata kama jioni yenyewe ni ya Jumanne na mgeni ni jirani tu.